Kikohozi cha Asubuhi

Imenoki Pongwe, alfajiri,
mikate mia tatu ikiwa bado moto nyuma yangu.
Kwanza mlio, kama kijiko kimesahauliwa ndani ya sufuria,
kisha moshi, kisha kimya.

Nikaiuza palepale barabarani, nusu bei,
kwa walinzi wanaotoka zamu na wapasua kokoto.
Iliyobaki nikarudi nayo Ngamiani kwa guta.

Fundi Semkiwa alichovya kidole kwenye oili,
akanionyesha: nyeupe kama chai ya maziwa.
"Rejeta inavuja tangu lini?"
Nikatazama viatu vyangu.
Tangu Ramadhani. Kila kituo nilikuwa naijaza maji
nikijiambia keshokutwa, keshokutwa,
na keshokutwa ndiyo hii, imekuja na bili.

Ya mtumba dukani: milioni moja na laki sita.
Nyuma ya daftari la hesabu la mwanangu
nikaandika nilichonacho.
Mchezo wa mke wangu, laki tatu,
zamu si yake, kaibembeleza.
Baiskeli, sabini.
Shemeji, themanini, na maneno yake juu.
Nikajumlisha mara tatu
kana kwamba hesabu ina huruma.

Semkiwa akakumbuka kirikuu kimoja huko Maramba,
kilipinduka na shehena ya machungwa.
Tukakikuta uani, hakina tairi,
kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva.
Mwenyewe, Bi Tunu, mkono wa kushoto haunyooki tena.
"Laki sita."
"Nne na nusu, mama."
Akaliangalia shati langu, unga hadi kwenye kola.
"Tano. Na usinipunguze tena, nitalia."

Injini ya kirikuu haitolewi kwa juu.
Unafungua nati, unaiacha chini juu ya magunia,
halafu ni gari unalolinyanyua.
Mnyororo wa kukodi, elfu tano kwa saa,
ndiyo maana hakuna aliyezungumza.
Bodi ikapanda polepole, kuku wakaruka,
injini ikabaki peke yake kwenye mwanga,
ndogo kuliko nilivyodhani.
Bi Tunu akainama, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga.
"Ina kikohozi cha asubuhi," akasema. "Usiikanyagie mafuta.
Iache ikohoe mara tatu. Ndivyo inavyoamka."

Ikasafiri hadi Tanga kwenye lori la watu,
chini ya matenga ya machungwa.

Siku tatu Semkiwa na kijana wake Mbaruku
walilala chini ya gari langu.
Gasketi ndogo wakazikata kwa mkasi.
Mauntini moja haikukubali, wakaichonga kwenye tairi kuukuu.
Ya hedi tu ndiyo mpya. "Hapo," Semkiwa alisema,
"ubahili ulishakuua mara moja."
Na rejeta wakaichomelea, mimi nimesimama naona kila cheche.
Nusu ya ufundi nalipa kwa mikate,
minne kila siku, mpaka mwezi wa nane.

Jumatatu, giza bado, nikazungusha ufunguo.
Ikakohoa.
Ikakohoa tena, ikatetemeka, ikanyamaza,
na mguu wa Semkiwa ukaanza kuitafuta pedeli.
Nikamshika goti.
Ya tatu ikachelewa.
Ya tatu ilichelewa sana.

Ilipowaka nikainua kiti, nikaishusha simu karibu,
nikampigia Maramba.
Hakusema kitu. Nilisikia jogoo upande wake,
na pumzi.
Kisha akasema, "Mikate ni myepesi.
Itakutaka mbio. Usii—"

Salio likaisha.
Nikafungua daftari, chini ya oili na nati nne,
nikaandika: simu, mia tano.